Vazi la theluji kwa mtu wa Pwani: mwongozo kamili wa kuchagua, kutoka Kongowea hadi Lenana

Belo la mitumba ya majaketi ya baridi likikatwa kamba pale sokoni Kongowea, wanunuzi wengi hupita bila kugeuza shingo. Nani atalivaa hilo Mombasa? Muuzaji mwenyewe huwawekea madereva wa masafa na vijana wanaokwenda kusoma ng'ambo. Mimi nimesimama mbele ya marundo hayo mara nyingi, nikigeuza jaketi moja moja ndani nje, kwa sababu nimepanda Mlima Kenya mara nne nikitokea hapa hapa Mombasa, na karibu kila nilichovaa kilitoka soko hilo. Mara ya kwanza nilichagua vibaya nikateseka. Mara tatu zilizofuata nilichagua vizuri, na wala sikutumia pesa nyingi zaidi.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Pwani anayetaka kufika Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Juni au mwanzo wa Julai, masika yakiwa yamekwisha lakini theluji iliyoachwa na mvua bado iko juu. Vilele viwili vinavyoipita Lenana kwa urefu, Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), ni vya wapanda miamba wenye kamba na mafunzo, na vifaa vyao ni habari nyingine.

Kuna jambo moja nataka likukae kabla hujatoa hata shilingi: unachagua ukavu, huchagui unene. Mtu wetu akisikia theluji hutafuta jaketi kama godoro. Huko juu jaketi hilo litamlowesha jasho kabla hajatembea saa moja, na akisimama kupumzika jasho lile linakuwa barafu mgongoni. Kila ushauri utakaousoma hapa chini unatokana na hilo.

Hatua ya kwanza: ijue theluji unayoiendea

Anza na hesabu. Kadiri unavyopanda, joto hushuka takriban digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Ondoka Mombasa kukiwa na digrii 27, panda karibu mita 5,000, umetoa digrii 32. Lenana basi iko digrii 5 chini ya sifuri, na upepo bado hujauhesabu. Kipupwe chetu, ule mwezi wa Julai ambao wazee wa Mji wa Kale hutoka alfajiri na sweta na shali mabegani, ni digrii 20 na kitu.

Ila namba hiyo peke yake haitoshi kukuvisha. Mlima uko kwenye ikweta, na kwenye ikweta tofauti ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti ya mwezi na mwezi. Saa nane usiku theluji ni ngumu kama saruji na kiatu kinateleza juu yake. Saa tatu asubuhi jua limeshaipiga, imelainika punjepunje kama chumvi ya mawe iliyopata unyevu, na hapo ndipo inapokanyagika vizuri. Saa sita mchana ni uji. Mguu unazama hadi kwenye kifundo na maji yanachuruzika chini yake. Usiku ukiingia yote yanaganda tena. Wenzetu wa Ulaya huipata theluji ya namna hii mwezi wa Aprili na Mei, majira yao ya baridi yanapoisha. Kwetu inaweza kuja mwezi wowote mvua ikinyesha kule juu.

Kwa hiyo vazi lako lina kazi nyingi ndani ya siku moja: jua kali, jasho, upepo, theluji kavu ya usiku, na theluji maji ya mchana. Hakuna nguo moja inayoziweza zote. Utavaa kwa tabaka, ukivua na kuvaa njiani bila uvivu.

Hatua ya pili: yatofautishe majaketi ya skii

Majaketi ya skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, ni mengi katika mabelo, na watu huyaweka yote fungu moja. Yako ya aina mbili, na tofauti yake ndiyo itakayoamua usiku wako wa kilele.

Aina ya kwanza ni ya wale wanaopandishwa mlimani kwa viti vinavyoning'inia kwenye nyaya, kisha wanateleza kushuka. Wakati wa kupanda wamekaa tu, upepo unawapiga. Jaketi lao lina mjazo mzito wa nyuzi au manyoya ndani, rangi za kung'aa, mifuko tele, na kiunoni kwa ndani kuna kisketi chenye mpira cha kuzuia theluji isiingie mtu akianguka. Ni jaketi zuri. Ukilivaa kupandia mlima, limekuharibia safari.

Aina ya pili ni ya watu wanaopanda kwa miguu yao wenyewe wakiwa na skii. Chini ya skii hubandika ukanda wa kitambaa chenye vinyweleo vinavyolala upande mmoja, skii ikateleza kwenda mbele na ikakataa kurudi nyuma. Zamani ukanda huo ulikuwa ngozi ya sili. Wanapanda hivyo kwa saa kadhaa, wakifika juu wanaubandua na kuteleza kushuka. Katika msimu wao wa theluji laini huondoka usiku wa manane kama tunavyoondoka sisi kwenda Lenana, kwa sababu ile ile: wawe juu kabla jua halijageuza theluji kuwa uji. Mtu huyu anatoka jasho na anapigwa na upepo siku moja. Jaketi lake ndilo lako.

Utalitambua hivi: ni jepesi, ukilikunja linaingia chini ya kwapa, ndani halina mjazo, lina zipu ndefu kwapani za kutolea joto, mifuko yake iko juu kifuani, mkanda wa begi usiizibe, na kofia yake ni pana, maana wenyewe huivaa juu ya helmeti. Likiwa na zipu za kwapani peke yake, dalili nyingine zikakosekana, bado ningelichukua. Zipu hizo zina thamani kuliko jina la kampuni lililoshonwa kifuani.

Mwaka jana niliyashika mawili, moja mkono huu na moja ule. Mama aliyekuwa akiuza akanihurumia. "Mwanangu, chukua hili la manyoya. Hilo jembamba litakuua na baridi." Nikamwambia, "Mama, hilo jembamba ndilo nilitakalo, la joto nitalitia ndani." Akaniuzia kwa bei ndogo kuliko lile nene, akiamini ananiuzia upungufu.

Hatua ya tatu: lipime palepale kwenye meza

Fika mapema siku belo linapofunguliwa, wakati kamera, zile nguo za daraja la kwanza, bado ziko juu. Ukingoja jioni utakuta fagia, yaani masalia, na katika fagia jaketi zuri huwa limeshakufa zipu.

Ligeuze ndani nje kwanza, kabla hujatazama rangi. Kwenye mishono utaona ukanda mwembamba unaong'aa uliobandikwa juu ya uzi. Ukanda huo ndio unaozuia maji kupita kwenye matundu ya sindano. Pitisha ukucha. Kama unabanduka kwa urefu wa kidole, mvua itaingia hapo. Kisha sugua kitambaa cha ndani kwa kiganja. Kikiacha unga mweupe au vipande kama ngozi ya mtu aliyebabuka na jua, utando wa kuzuia maji umeoza. Hata ukipewa bure usilibebe. Joto na unyevu wa Pwani huuharakisha uozo huo, na jaketi lililolala ghalani kwa muda mrefu linaweza kuwa jipya nje na bovu ndani.

Tia tone la maji begani. Likibaki duara na kubiringika, dawa ya nje ya kitambaa ingali hai. Likinywea, usilitupe bado: dawa hiyo mara nyingi huamka ukilifua kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kulainisha nguo, likakauka, kisha ukalipiga pasi ya moto mdogo kupitia kitambaa cha pamba ulichotandika juu yake. Nimeyafufua mawili kwa njia hiyo.

Lebo ya ndani ikiwa na namba kama 10,000 au 20,000, hicho ni kimo cha maji kwa milimita ambacho kitambaa kilistahimili kilipopimwa kikiwa kipya. Kwa Mlima Kenya 10,000 inatosha.

Jaribio la uhakika fanya nyumbani. Fanya mgongo wa jaketi kama bakuli, mimina glasi ya maji, weka gazeti kavu chini, ngoja dakika kumi. Gazeti likibaki kavu una jaketi.

Hatua ya nne: tabaka la ngozini na tabaka la joto

La ngozini ni rahisi, na huenda tayari unalo: jezi ya mpira wa miguu. Poliesta nyembamba ya jezi hainywi jasho, hulipitisha nje, na hukauka ikiwa mwilini. Chukua mbili za mikono mirefu. Fulana ya pamba iache nyumbani, na jinzi pia. Pamba ikilowa inashikilia maji na kukunyonya joto, na juu ya mita 4,000 haitakauka hadi urudi Nanyuki, mji ulio chini ya mlima.

Bora kuliko jezi ni sufu nyembamba, ile inayotokana na kondoo. (Sufu, si sufi tunayojazia mito ya kulalia.) Sweta za sufu laini zipo Kongowea, zimepuuzwa kwa kuwa zinafanana na sweta za shule. Ukiwa na shaka na lebo au lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, sogea mbali na meza za watu, uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa shanga ngumu nyeusi. Sufu hunuka nywele zilizoungua na moto wake huzimika wenyewe. Pua yako haidanganywi.

La joto ni mawili. Moja la kutembea nalo: flisi, ile nguo ya manyoyamanyoya inayopendwa na walinzi wa usiku. Isiwe nene sana. La pili ni la kusimama: jaketi nene lililojazwa, ambalo hutembei nalo mwilini bali unalivaa dakika ile ile unapopumzika na unapofika kileleni. Hapa watu hubishana kati ya manyoya ya bata na nyuzi za kiwandani. Manyoya ni mepesi na yana joto zaidi, lakini yakilowa hujikusanya vitonge na joto lote hupotea. Mlima Kenya ni mlima wa ukungu na umande. Mimi nachukua nyuzi za kiwandani na sijajuta. Ukipenda manyoya, yaminye kwenye ngumi kisha achia. Yakifura haraka yako hai. Yakibaki yamelala, au yakinuka uvundo, yameshakunywa maji na kuoza.

Suruali: ya kutembea iwe ya nailoni nyepesi, na kwa usiku wa kilele suruali ya skii juu ya taiti ya poliesta. Hii ndiyo nguo ya skii ambayo hata ile ya aina ya kwanza inafaa, mradi ina zipu pembeni mwa mapaja.

Dada zetu wanaovaa hijabu wasikubali kuambiwa waivue au wavumilie. Hijabu ya jezi ya poliesta, ile inayovutika, ikae chini. Juu yake bomba la flisi la shingoni linalopanda hadi kwenye nywele. Kisha kofia ya jaketi. Kitambaa cha pamba au cha kuning'inia hakifai, kitalowa na upepo utakigeuza tanga. Kanzu fupi ya nailoni inayofika magotini juu ya suruali ya skii inatembeka vizuri hata kwenye mawe.

Hatua ya tano: viatu, na hapa usikimbilie

Kama una pesa ya kitu kimoja kizuri, iweke miguuni. Na kama kuna kitu ambacho Mombasa hukiharibu kimyakimya, ni kiatu cha mlima.

Viatu vingi vya kupandia vina soli ya mpira chini, ngozi juu, na katikati tabaka la povu linalopunguza kishindo. Povu hilo likiwa la poliurethani, linakula unyevu wa hewani. Miaka ikipita linaanza kuvunjika ndani kwa ndani, hata kama kiatu hakijavaliwa, hata kama kimo ndani ya boksi lake. Kadiri hewa ilivyo ya joto na unyevu ndivyo linavyooza haraka, nawe unajua hewa yetu ilivyo. Kwa nje huoni kitu. Ngozi inang'aa, kamba mpya, soli haijalika.

Viatu vyangu vya kwanza vilikuwa hivyo. Muuzaji aliviita kamera na mimi nilikubali, maana vilionekana havijakanyaga udongo. Siku ya pili, kwenye bonde la Mackinder, kati ya yale magogo ya mimea yenye vichwa kama mananasi makubwa, soli ya kushoto ilifunguka mdomo mbele. Nusu saa baadaye ilibaki kisiginoni tu, na kila hatua povu lilimwagika chini kama makombo ya mkate. Mwongozaji wangu aliifunga kwa kamba ya hema. Nilifika Shipton's, kambi ya mwisho kabla ya kilele, soksi zikiwa maji, na usiku ule sikupanda. Mguu haukupata joto hadi asubuhi. Wenzangu waliporudi kutoka Lenana, mimi nilikuwa bado nimeukalia.

Basi fanya hivi kila unaposhika kiatu. Tazama ubavuni, pale soli inapokutana na ngozi, utafute mistari midogo ya nyufa kwenye povu. Bonyeza povu kwa ukucha wa kidole gumba: zima hurudi, bovu hubaki na shimo, hunata au hutoa unga. Kisha kunja kiatu kwa nguvu mara ishirini, ncha hadi kisigino, mbele ya muuzaji. Akikukataza, ushapata jibu. Usidanganyike kwamba fundi atakishona soli ukamaliza. Fundi mzuri anaweza kushona soli iliyobanduka gundi, na ni kazi ya kudumu, lakini povu lililooza halishiki uzi.

Nambari: jaribu jioni baada ya kutembea mchana, ukiwa na soksi nene utakayoivaa mlimani. Bila kufunga kamba sukuma mguu mbele hadi vidole viguse; nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono. Sisi tuliokulia kwenye champali tuna miguu mipana mbele, kwa hiyo hata kipimo cha urefu kikikaa, kiatu bado chaweza kubana vidole pembeni. Kidole kidogo kikilalamika dukani kitapiga kelele ukishuka. Shingo ya kiatu ipite kifundo, na soli iwe ngumu kiasi kwamba ukiikunja kwa mikono inakupa kazi, kwa sababu kwenye theluji iliyoganda utakanyaga kwa ukingo wa kiatu. Viatu vya skii vyenyewe, vile vya plastiki ngumu, vinakuja katika mabelo na vijana huviona vya ajabu. Havitembeki kwenye mawe.

Soksi tatu: mbili za kutembea za sufu au mchanganyiko, moja haiguswi hadi usiku ndani ya mfuko wa kulalia. Geita, vile vibomba vya kitambaa vinavyofunika kutoka kiatu hadi goti, ni lazima ukipita njia ya Naro Moru yenye tope zito, na ni muhimu kwenye theluji ya saa sita popote. Miba ya chuma ya kuvalisha kiatu muulize mwongozaji wiki ya safari. Baada ya masika yenye mvua nyingi huenda ikahitajika mita za mwisho, na hukodishwa huko huko.

Neno kwa wanaoswali, maana nimeulizwa sana. Kuvua soksi na kuosha miguu kwa maji ya barafu mara tano kwa siku ni mtihani. Msafiri anaruhusiwa kupangusa juu ya khuffu (soksi za ngozi) siku tatu mchana na usiku, alizozivaa akiwa na udhu kamili. Tafuta za ngozi nyepesi zinazoingia ndani ya kiatu, ujaribu nambari ya kiatu ukiwa nazo.

Hatua ya sita: mikono, kichwa, macho

Glovu mbili, moja juu ya nyingine. Ya ndani nyembamba ya kushikia zipu na simu, ya nje ya skii isiyopitisha maji. Karibu na kilele cha Lenana kuna vyuma vilivyopigwa kwenye mwamba vya kushikilia, na chuma cha saa kumi na moja alfajiri kinang'ata. Glovu ya nje iwe na kiganja cha ngozi au mpira ili ishike. Kuzipima Mombasa ni rahisi kuliko unavyodhani: nenda kwa muuza samaki, mwombe akuruhusu utie mkono ndani ya boksi la barafu ukiwa umevaa zote mbili. Kaa dakika kumi. Utajua kidole gani kinaingia baridi na kama maji yanapenya mishononi. Muuza samaki wangu wa Mji wa Kale sasa hunikaribisha kila Mei kabla sijafungua mdomo.

Kofia ya sufu au flisi inayofunika masikio. Miwani ya jua si pambo: theluji hurudisha mwanga machoni kutoka chini, na macho yaliyoungua huuma kama yametiwa mchanga na kushindwa kufunguka. Tafuta iliyoandikwa UV400 na yenye kinga pembeni. Miwani ya skii ya mitumba inafaa kama kioo hakijachanika. Ngozi yetu nayo huungua huko juu. Paka mafuta ya kukinga jua hata chini ya kidevu na ndani ya pua.

Tochi ya kichwani yenye betri za akiba. Betri hufa kwa baridi, zilaze ndani ya mfuko wa kulalia pamoja nawe.

Hatua ya saba: kulala na kubeba

Mfuko wa kulalia sikushauri kununua. Kodisha Nanyuki au kwa mwongozaji wako, lakini soma lebo. Huandikwa viwango vitatu: cha kulala kwa raha, cha mwisho wa kuvumilia, na cha kunusurika. Wakodishaji hutaja cha tatu kwa kuwa ndicho kinachovutia. Wewe tazama cha kwanza, na kiwe digrii 5 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Ukiwa mwepesi wa kusikia baridi, tafuta 10 chini. Godoro la povu la chini lina kazi sawa na mfuko wenyewe, maana ardhi ndiyo inayokunyonya joto.

Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na hifadhi za Kenya, zikiwemo chupa za maji. Chukua chupa mbili ngumu za lita moja moja. Usiku wa kilele zibebe kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu na kifuniko hakitakwama. Nguo kavu zitie ndani ya mifuko isiyoingia maji wanayotumia watu wa mashua na wazamiaji. Hapa Mombasa inapatikana kwa urahisi.

Begi lote la siku, pamoja na maji, lisizidi kilo saba au nane. Mpagazi atabeba mengine. Lipime kwenye mizani ya duka, usikisie.

Hatua ya nane: jaribu kabla hujapanda treni

Vaa kila kitu ukiwa nyumbani. Simama chini ya bomba la mvua dakika tano na karatasi kavu mifukoni. Kisha tembea na viatu, soksi zile zile, begi na maji, kutoka Kongowea kupita Daraja la Nyali hadi mjini na kurudi, alfajiri, angalau mara sita katika wiki nne. Malengelenge yatokee hapa, ambapo unaweza kwenda nyumbani. Ngazi za jengo la ghorofa pia ni mlima mzuri.

Zoezi la mwisho ni la mikono. Ukiwa na glovu za ndani, gizani, toa jaketi la kusimama kwenye begi, livae, funga zipu, ndani ya dakika moja. Ukishindwa sebuleni hutaweza kwenye upepo, na kama hulivai haraka jasho lishaganda. Mpangilio wa begi unatoka katika zoezi hilo: jaketi la kusimama juu kabisa, glovu za nje chini yake, chakula mfuko wa pembeni.

Nguo hazitibu kimo. Kule juu kila pumzi ina hewa ya oksijeni karibu nusu ya ile ya ufukweni, na sisi tunaanza kutoka sifuri. Ukitoka stesheni ya Miritini kwa treni, lala Nairobi, kisha lala Nanyuki, kwenye takriban mita 1,900, kabla ya kuingia lango la Sirimon. Usiku wa kwanza mlimani uwe kambi ya Old Moses (mita 3,300), na ukiwa na siku ya ziada itumie Shipton's (mita 4,200) kabla ya kilele. Kichwa kikiuma huku unatapika au unayumba, shuka usiku huo huo, usingoje asubuhi.

Siku ya kilele mtaondoka Shipton's kama saa nane usiku. Ondoka ukisikia baridi kidogo. Jezi, flisi na jaketi jembamba, zipu za kwapani wazi. Dakika kumi baadaye utakuwa sawa. Anayeondoka akiwa na joto atasimama kuvua njiani, amelowa tayari.

Ukirudi Mombasa

Usiyaache mabegi yamefungwa kwa furaha ya kufika. Fua jaketi, likaushe kivulini, litundike. Usilikunje kwenye sanduku. Viatu vitoe soli za ndani, vijaze magazeti, yabadilishe kila siku hadi viatu vikauke, kisha viweke juu ya kabati penye hewa. Usivifungie kwenye plastiki wala boksi. Kila baada ya miezi mitatu vivae siku nzima mjini, na kabla ya safari nyingine bonyeza povu kwa ukucha tena, kiatu cha kushoto na cha kulia.